Sura ya Nne: Santuri, Redio na Daftari la Wanachama

Mwaka 1928 kundi dogo la waimbaji na wapiga ala kutoka Unguja lilipanda meli kwenda Bombay. Nyota wake alikuwa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa, akaitwa Mtumwa utotoni, na ambaye kabla ya kuhamia mjini alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza. Pamoja naye walikuwapo Subeti Ambar, Mbaruk Talsam, Budda Swedi na Maalim Shaaban. Kampuni ya His Master's Voice (HMV) ilikuwa inabahatisha: je, watu wa pwani wangetoa fedha zao kununua santuri zilizoimbwa kwa Kiswahili? Kufikia 1931 santuri hizo zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 70,000, na makampuni mengine, Columbia na Odeon, yalikuwa yameshakuja mbio kutafuta waimbaji wao.

Sura hii inahusu miaka ya katikati ya karne, kuanzia mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia hadi 1965. Lakini haiwezekani kuieleza miaka hiyo bila kuanza na Siti, kwa sababu masikio yaliyosikiliza redio mwaka 1955 yalifunzwa na santuri zake.

Kabla yake taarab ilikuwa mali ya ikulu na ya waungwana. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze muziki, na mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha chama cha Ikhwani Safaa. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, na wengi walifurahia sauti bila kujua kinachosemwa. Siti aliimba kwa Kiswahili, tena aliimba mambo ya Ng'ambo, upande wa mji walikoishi wachukuzi, mafundi, wauza samaki na watu ambao wazazi wao walikuwa watumwa. Wapo waliomkejeli kwa wimbo, wakamtaja alivyotoka shamba na kaniki zake. Alijibu kwa wimbo pia, akaitetea akili ya mtu mbele ya sura yake.

Wimbo wake juu ya Kijiti unatokana na kesi ya kweli. Mwanamke mgeni alichukuliwa ngomani, akauawa. Muuaji, yaani Kijiti, akavuka bahari kukimbilia bara, na wanawake waliofika kutoa ushahidi wakajikuta wao ndio wanaofungwa, kisa pombe ya siku ile. Mahakama ilikwisha toa hukumu yake. Santuri ikatoa hukumu nyingine, na hiyo ya santuri ndiyo iliyorudiwa barazani miaka nenda miaka rudi.

Tuitazame santuri yenyewe kidogo. Ilikuwa sahani nyeusi, nzito, ikianguka inavunjika. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba muziki wa dakika tatu hivi. Gramafoni haikuhitaji umeme. Mtu alizungusha hendeli mpaka springi ikakaza, akashusha sindano ya chuma, na sindano hiyo alitakiwa kuibadilisha mara kwa mara isije ikala mistari ya santuri. Springi ikilegea wimbo ukiwa katikati, sauti ya mwimbaji ilididimia na kuwa nzito mpaka mtu aikimbilie hendeli. Kila nyumba yenye gramafoni ilikuwa na kijana aliyepewa kazi hiyo na akajiona mtu mkubwa.

Dakika tatu zilibadili utunzi. Harusini wimbo wa taarab uliweza kuvutwa kadiri watu walivyoendelea kutuza. Kwenye santuri mshairi alichagua beti za kubaki na za kutupwa, na kisa kirefu kikakatwa vipande viwili, upande wa kwanza na upande wa pili. Halafu santuri ilirudiwa. Beti iliyoimbwa mara moja kwenye sherehe iliishia kwa waliohudhuria. Beti iliyopigwa kutwa nzima mgahawani iliingia katika usemi wa watu ambao hawajapata kumwona mwimbaji wala kufika kisiwani kwake. Mtu wa Lamu na mtu wa Tanga walianza kutaniana kwa maneno yaleyale. Huo ndio mwanzo wa jambo ninalotaka kulifuatilia: watu wasiojuana kusikia kitu kimoja, kwa lugha moja, na kujua kwamba wengine nao wamekisikia.

Kuanzia 1933 HMV ilileta Afrika santuri nyingine zenye alama ya GV. Humo mlijaa muziki wa Cuba: Trio Matamoros, Sexteto Habanero, orkesta ya Don Azpiazú. Maneno yalikuwa ya Kihispania na hayakueleweka na mtu Dar es Salaam, Leopoldville wala Kisumu. Mapigo yalieleweka mara moja. Watumwa walikuwa wameyachukua kutoka Afrika kuvuka Atlantiki, na sasa yalirudi yakiwa na gitaa, tarumbeta na marakasi. Kijana mmoja wa Morogoro, Salum Abdallah, aliyapenda kiasi kwamba bendi aliyoianzisha mwaka 1948 ikaja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba. Mji huohuo ulikuwa na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944, na wakazi wake wakagawanyika kati ya bendi mbili kama wanavyogawanyika leo kati ya Simba na Yanga.

Dar es Salaam ilikwisha tangulia. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932. Western Jazz ya Iddi Nhende ilianza 1944, ikikusanya watu wenye asili ya magharibi ya nchi. Ahmed Kipande alianzisha Kilwa Jazz mwaka 1958. Kulikuwa na Rufiji Jazz na Ulanga Jazz pia, na majina yenyewe yanaeleza namna mji ulivyokuwa ukijengwa: watu walikuja kutafuta kazi bandarini, relini na majumbani mwa Wazungu, wakajikusanya kwa walikotoka, na bendi ikawa ndiyo nyumba yao.

Hapa inanilazimu kutoa rai ambayo baadhi ya wapenzi wa muziki huu hawataipenda. Tumezoea kuitafuta siasa ndani ya maneno ya nyimbo. Tunakaa na beti, tunachokonoa fumbo, tunauliza ua ni nani na bustani ni nchi gani. Ni kazi nzuri, na mafumbo yapo kweli. Lakini mimi naamini kazi kubwa zaidi ilifanyika mahali pasipoimbwa, yaani kwenye daftari la wanachama.

Bendi ya dansi ya miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa klabu. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliochaguliwa. Wanachama walilipa ada, na ada hiyo ndiyo iliyonunua gitaa na saksafoni, ambazo zilikuwa mali ya klabu, wala si za mpigaji. Wapigaji wenyewe mchana walikuwa mafundi cherehani, makarani, madereva na vibarua wa bandarini. Hawakuishi kwa muziki. Mwanachama akifiwa, klabu ilichanga. Mgeni akishuka kwenye treni bila ndugu mjini, klabu ilimpokea. Fedha zikipotea, mkutano uliitishwa na mweka hazina akasimamishwa mbele za watu kujieleza. Watu ambao serikali ya kikoloni haikuwapa kura ya kumchagua hata diwani walikuwa wanapiga kura mara kwa mara, wanaandika kumbukumbu za mikutano, wanagombana kuhusu katiba ya klabu, na kushinda au kushindwa bila kupigana. Wengine walipigana, ndiyo, lakini kesho yake walirudi mkutanoni.

Serikali ilizitilia shaka jumuiya za Waafrika zenye sura ya siasa. Dansi ilipata kibali kwa urahisi zaidi. Watawala waliiona dansi ya suti, tai na gauni refu kuwa dalili ya ustaarabu, na wazee wengi wa Kiafrika waliiona kuwa dalili ya kuharibikiwa kwa vijana, mwanamume na mwanamke wasio ndugu kushikana viunoni mbele za watu. Pande zote mbili zilikuwa zinatazama miguu ya wachezaji. Wachache walilitazama daftari lililokuwa juu ya meza pale mlangoni.

Wanawake walikuwa na madaftari yao, na hapa ushahidi uko wazi kuliko mahali pengine popote. Mjini Unguja vikundi vya taarab vya akina mama vilijiita Royal Air Force na Royal Navy, wakapigana vita vyao kwa vijembe na sare. Mombasa vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilishindana kwa miongo kadhaa, kila kimoja na viongozi wenye vyeo, karamu na madeni yake. Katika miaka ya 1950 baadhi ya wanawake haohao waliigeuza miundo ileile kuwa taasisi za kuwasomesha mabinti wa Kiislamu na kudai haki zao. Na Dar es Salaam alikuwapo Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

TANU, chama cha kupigania uhuru wa Tanganyika, ilianzishwa Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alifika Dar es Salaam, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Viongozi wanaume hawakuwa na jibu zuri. Titi, aliyekuwa amejiunga na chama pamoja na mumewe, ndiye aliyepewa kazi ya kuwaandikisha wanawake, na hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Alijua kila kikundi kina mama yake, na kwamba mama huyo akisema njooni, wanakuja wote na sare zao. Kufikia Oktoba 1955 wanawake 5,000 walikuwa wameandikishwa. Wanaume wasomi waliosoma Makerere hawakuwa na njia ya kuwafikia wanawake wengi kiasi hicho kwa miezi michache. Vikundi vya ngoma vilikuwa nayo tayari. Naona ni dhuluma kubwa kwamba vitabu vingi vya shule vinamtaja Bibi Titi kama msemaji hodari, vikaishia hapo. Alikuwa mpangaji hodari, na upangaji huo aliutoa ngomani.

Hata upande wa wanaume mstari ni huohuo. Ally Sykes alipigana Burma katika jeshi la King's African Rifles, akarudi Dar es Salaam, akawa na bendi iliyoitwa Skylarks. Kadi ya TANU namba 1 ni ya Julius Nyerere. Namba 2 ni ya Ally Sykes. Naye Fundi Konde, kijana wa pwani ya Kenya, aliipitia vita hiyohiyo katika kikosi cha burudani chini ya Peter Colmore, kisha akawa fundi wa gitaa la umeme Nairobi. Vita iliwapeleka maelfu ya vijana Ceylon na Burma, ikawaonyesha Mzungu akiogopa na akifa kama watu wengine, halafu ikawarudisha nyumbani na magitaa.

Sasa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951 kwa majaribio, na mwanzoni ilisikika mjini na vitongoji vyake tu. Unguja nako Sauti ya Unguja ilianza mwaka huohuo, na pwani ya Kenya katika miaka hiyo ya 1950 ikawa na Sauti ya Mvita. Mwaka 1956 kituo cha Dar es Salaam kikawa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa mfano wa BBC. Dhamira ya serikali ilikuwa njema kwa vipimo vyake: mafundisho ya kilimo na afya, habari rasmi, na Waafrika wazoee kuisikia serikali kama mzazi.

Lakini nani atakaa saa nzima kusikiliza habari za mbolea? Ilibidi uwekwe muziki. Na muziki wa kuwavuta Waswahili haukuwa kwenye maktaba ya London. Ulikuwa Kariakoo, Ng'ambo na Pumwani. Bendi na vikundi vya taarab viliitwa studio kurekodiwa. Huku Tanganyika hakukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo kwa bendi nyingi redio ndiyo iliyokuwa njia ya kutoka nje ya mji wao. Wimbo uliopigwa Morogoro Jumamosi uliweza kusikika Lindi mwezi uleule. Hivyo mtambo uliojengwa ili mtawala azungumze na watawaliwa ukaanza kuwafanya watawaliwa wasikilizane wao kwa wao.

Redio zenyewe zilikuwa ghali. Zile za mwanzo zilikuwa masanduku ya taa za kioo ndani, zenye kungoja dakika nzima zipate moto, na pasipo umeme zilitegemea betri kavu kubwa na nzito. Rhodesia ya Kaskazini ilijaribu kuitatua shida hiyo mwaka 1949 kwa redio ya bei nafuu yenye umbo la sufuria, iliyouzwa pauni 5, na hata hizo hazikuwa fedha kidogo kwa kibarua. Kwa hiyo redio ilisikilizwa kwa wingi wa watu. Mwenye mgahawa alivuta waya wa antena juu ya paa au kwenye mnazi, akaweka redio mahali ionekane, na wateja wakanunua kahawa ili wapate haki ya kukaa. Habari ilisomwa mara moja, ikajadiliwa hadi usiku. Msikilizaji wa peke yake mwenye redio mfukoni ni mtu wa baadaye kidogo, baada ya transista kuingia kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kuna kundi moja ambalo redio ililibadilishia dunia zaidi ya wengine wote: wanawake wa tawa, wale wa Mji Mkongwe wa Mombasa, Lamu na Unguja ambao desturi iliwaweka ndani. Baraza la kahawa halikuwa lao, wala gazeti kwa wengi wao. Redio iliingia ndani bila kubisha hodi. Mama aliyekuwa jikoni alisikia hotuba ileile aliyoisikia mumewe mgahawani, akawa na la kusema mume aliporudi. Na salamu! Vipindi vya kuchagua nyimbo na kutuma salamu vinadharauliwa na watu wanaojiona makini, ilhali kwa mara ya kwanza jina la mtu wa kawaida, na la kijiji chake, lilitamkwa hewani na nchi nzima ikasikia. Hapo mtu wa Songea alijua kwamba yuko mtu Bukoba anayependa wimbo anaoupenda yeye. Ramani ya Tanganyika, iliyochorwa na Wajerumani na kukabidhiwa kwa Waingereza, ilianza kujazwa na majina ya watu wanaosalimiana.

Hewa haina mpaka, na watawala waligundua hilo wakiwa wamechelewa. Mwaka 1953 Misri ya mapinduzi ilianzisha Sauti ya Waarabu, na mwaka 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Watu wa taarab walikuwa na mazoea ya siku nyingi ya kuitafuta Cairo kwenye masafa mafupi; ndiko walikomsikia Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab, wakazichukua tuni na mipangilio ya fidla. Sindano ya redio ilikuwa imeshazoea kusimama pale. Sasa kutoka palepale ilitoka sauti ya Mzanzibari Ahmed Rashad Ali, ikiwaita wakoloni kwa majina ambayo hakuna mtangazaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyethubutu kuyatamka. Baada ya mgogoro wa Suez wa 1956 Waingereza waliona hawawezi kukaa kimya. Tarehe 27 Juni, 1957 BBC ilifungua Idhaa yake ya Kiswahili, na sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya mwanafunzi aliyekuwa London wakati ule, Oscar Kambona, ambaye kabla ya kuondoka nyumbani alikuwa mtendaji wa TANU. Hata jibu la Waingereza lilihitaji mdomo wa mpigania uhuru.

Santuri nayo iliendelea kuwasumbua. Frank Humplick wa Moshi, aliyeimba pamoja na dada zake wawili kwa sauti tamu zilizopangika, alirekodi wimbo uitwao "Yes No", na serikali ikaupiga marufuku. Redio unaweza kuizima kwa amri. Santuri iliyokwisha ingia chumbani kwa mtu huwezi kuirudisha kiwandani.

Nairobi wakati huo ilikuwa imegeuka karakana ya Afrika Mashariki nzima. Studio, wauza santuri na makampuni ya matangazo ya biashara yalikuwa huko. Kutoka Katanga alikuja Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga "Masanga" kwa dole gumba na kidole cha shahada, gitaa moja likasikika kama mawili. Alikuja pia Edouard Masengo. Watu hawa waliimba Kiswahili cha Katanga, wakaeleweka Nairobi, na makampuni yakaona faida: Mwenda akasikika redioni akiisifia Aspro, Masengo akaitangaza Coca-Cola. Tangazo la dawa ya kichwa lilikuwa na gitaa zuri kuliko nyimbo nyingi, na vijana wengi wa Kenya walijifunza mtindo huo hapohapo kwenye redio, wakiukariri kipande kwa kipande. Mombasa, Mohamed Khamis Juma Bhalo na wenzake walikwenda upande mwingine wa bahari. Walichukua tuni za filamu za Kihindi, ambazo watu walizijua kwa moyo kutoka sinema, wakazivika mashairi ya Kimvita, mengine yakiwa ya binamu yake, Ahmad Nassir. Wapo waliosema huo ni wizi. Mimi nayasikiliza mashairi yale, vina na mizani vimekaa sawasawa ndani ya tuni ya kigeni, nakuta kazi ngumu iliyofanywa kwa adabu.

Uhuru ulipofika, sauti na madaraka vikawa kitu kimoja. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964 waasi walivamia vituo vya polisi Unguja, na asubuhi kituo cha redio cha Raha Leo kilikuwa mikononi mwao. Aliyezungumza hakujulikana na wasikilizaji wengi: John Okello, mtu wa Uganda aliyewahi kufanya kazi za ujenzi Pemba, mwenye lafudhi isiyo ya kisiwani, akajitambulisha kwa cheo cha Field Marshal na kutoa amri na vitisho vya adhabu kali. Watu walikuwa wamejifungia ndani. Hawakuweza kuona nani anashika bunduki na wangapi wamekufa. Walichokuwa nacho ni redio. Kwa siku kadhaa, kwa Wazanzibari wengi, serikali ilikuwa ile sauti. Chombo kilichobeba taarab na salamu sasa kilibeba hofu, na ni lazima tuliseme hilo tunapoisifia redio kwa kutuunganisha. Kufikia Machi Okello mwenyewe alikuwa ameshafukuzwa visiwani, lakini kila serikali ya eneo hili ilikuwa imeuona mfano: anayeshika mtambo ndiye anayeaminika kuwa ameshika nchi.

Waliotengeneza muziki wenyewe walipata nini? Wengi walilipwa mara moja, wakasaini karatasi, wakaondoka. Nairobi, Charles Worrod wa studio ya Equator Sound aliwaajiri Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kutoka kundi hilo zikatoka tuni zilizotambaa duniani. "Helule Helule" ya Kabaka ilirudiwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968. "Malaika" ilitangulia kufika mbali zaidi, hasa kwa sauti ya Miriam Makeba, na mpaka leo ubishi wa nani aliitunga haujaisha: Fadhili William aliirekodi, na wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanganyika. Ubishi huo ni zao la mfumo. Nyimbo zilipita kutoka baraza hadi ukumbi, kutoka ukumbi hadi studio, na aliyeandikwa kwenye lebo alikuwa yule aliyefika studio. Klabu zilijua kutunza hesabu za viingilio vya mlangoni. Hesabu za mirabaha zilitunzwa na wengine.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, akiwemo Muhidin Gurumo, na wapigaji wakalipwa mshahara wa mwezi. Lilikuwa jambo jipya na la heshima, na wanamuziki waliligombea. Baada ya hapo polisi, jeshi na mashirika ya umma yakafuata mfano. Julai 1965 serikali ikalichukua shirika la utangazaji na kuligeuza Radio Tanzania Dar es Salaam. Mpigaji sasa alikuwa mwajiriwa, ala zilikuwa za mwajiri, na studio ilikuwa ya serikali ileile iliyomlipa mwajiri. Mkutano wa wanachama wa kumchagua katibu na kumuuliza mweka hazina fedha ziko wapi haukuwa na kazi tena katika bendi za namna hiyo. Mwaka huohuo Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, ikishindana na bendi ambazo wapigaji wake walipanga foleni ya mshahara kila mwisho wa mwezi.